Mtoto aliye kwenye mashine ya kupumua: apewe titi au asubiri?

Mama Pacha, Kisumu
Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Pacha wangu walizaliwa wiki ya 30 ya ujauzito, mmoja kilo 1.3, mwingine 1.2. Wote wakawekwa CPAP, mashine ya kuwasaidia kupumua, ule mpira wa puani ambao ncha yake ya pili imetumbukizwa kwenye chupa ya maji, yanatokota mchana kutwa kama maji ya ugali. Maziwa yalipita mpira mwingine mpaka tumboni. Unachomoa kisukumio cha sindano, unainua bomba lake juu, maziwa yanashuka yenyewe pole pole. Kila masaa matatu, hata saa tisa ya usiku.

Walipofika wiki ya 33 yule mkubwa akaanza kutafuna mpira wake. Nikimlaza kifuani anageuza kichwa anatafuta. Nikamwomba sista nimpe titi. Akakataa, eti mpaka atoke kwenye mashine. Tukahamishiwa hospitali nyingine, daktari wa huko ananiuliza, "Mama, mbona bado hujaanza?" Sasa nimfuate nani? Kwangu mimi, mtoto akionyesha yuko tayari apewe, na kaunti zote zifuate kanuni moja. Kungojea mashine ni kutuongezea siku za kulala kwenye benchi.

Sista wa Zamu ya Usiku
Pole mama. Mimi ningekukatalia pia, lakini ningekueleza sababu. Ili ameze, mtoto lazima aache kupumua kidogo, kisha avute pumzi, kisha anyonye tena. Mpangilio huo huanza kukaa sawa kati ya wiki ya 32 na 34, na njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, wengine huchelewa. Sasa mwongezee hewa inayosukumwa puani bila kukoma. Marekani kuna madaktari waliowapiga watoto eksirei wakinywa kwa chupa wakiwa kwenye CPAP. Walipofika mtoto wa saba wakausimamisha utafiti, kwa sababu maziwa yalionekana yakiingia njia ya hewa zaidi kuliko mashine ikiwa imezimwa. Walichapisha mwaka wa 2017.

Lakini kuna njia ya katikati ambayo wengi hawaambiwi. Kamua titi mpaka libaki karibu tupu, halafu umwache alilambe na kulivuta wakati maziwa yake yanapita mpirani. Matone mawili matatu kwenye midomo. Anajifunza ulimi uende wapi, na tumbo linazoea kwamba kunyonya na kushiba ni kitu kimoja. Hilo halingoji mashine itolewe, mradi anapumua vizuri.

Mkaazi wa Bondeni, Nakuru
Nyinyi mnajadili titi, mimi nasoma bili. Mke wangu alikuwa akiambiwa atoke nasari, wodi ya watoto wachanga, saa za kutembelea wagonjwa zikiisha, kama mgeni! Mnataka mtoto ajue kunyonya na mwenye titi yuko nje ya geti? Utafiti wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na jirani zetu Tanzania, uliotoka 2021, uliwaweka njiti kifuani mwa mama tangu kuzaliwa, hata wenye CPAP, na vifo vikapungua kwa robo. WHO ikapendekeza hivyo hivyo 2022. Vitanda vya kina mama viko wapi?

Nyanya wa Ahero
Kwani chupa ina ubaya gani? Wa jirani yangu alitoka huko na chupa na leo anakimbiza kuku.

Sista wa Zamu ya Usiku
Shikamoo nyanya. Chupa humwaga haraka kuliko njiti anavyoweza kumeza, na kuiosha vizuri ni kazi. Kikombe kidogo, mtoto ameketishwa wima, anaramba mwenyewe kwa mwendo wake. Usimimine.

Na wewe wa Bondeni, sina la kukupinga. Huko kwenye tafiti kila mtoto ana mtu wa kumkodolea macho. Usiku wa jana tulikuwa wauguzi wawili, watoto 27. Nikisema "asubiri", wakati mwingine maana yake ni kwamba sina nusu saa ya kukaa kando yake.

Mama Pacha, Kisumu
Asante sista, hilo la mwisho ndilo nililotaka mtu alitamke. Niwaambie na langu. Yule mdogo alitolewa mashine Jumanne, nikampa titi Alhamisi. Akavuta mara nne, tano, kisha akatulia. Nikadhani amelala. Nikaona midomo inageuka rangi ya samawati, kile kifaa cha mguuni cha kupima oksijeni ndipo kinaanza kulia. Nikamtoa, nikamkalisha, nikamsugua mgongo, akavuta pumzi. Sista alikuwa upande wa pili na mtoto mwingine.

Kwa hiyo hofu yenu sasa naijua. Ila aliyeiona ile midomo ni mimi, na siku zote arobaini na tatu hakuna aliyewahi kuniambia nitazame midomo.