Naomba ushauri: kumchana, kumwogesha na kumnyoa mbwa mzee nyumbani (Tabora)

Mwana wa Isevya: Ndugu wana jukwaa, habari za jioni. Ninaishi Tabora mjini na ninaye mbwa dume, chotara wa Jemani Shepadi mwenye umri wa miaka 13, tuliyeachiwa na marehemu baba. Manyoya ya mapajani na nyuma ya masikio yamesokotana kuwa mabonge yenye tope kavu, na kucha zimerefuka hadi zinagonga sakafu anapotembea. Sijapata mtu hapa mjini anayefanya kazi hiyo, kwa hiyo nimeamua kujifunza mwenyewe. Nitumie sabuni gani, na je, nikimnyoa mwili mzima kwa mashine ya kinyozi nitakosea? Nina wasiwasi kwa sababu siku hizi hapendi kushikwa.

Mama Chausiku: Sabuni si tatizo, ndugu yangu. Sisi tulikulia Urambo, na mzee wetu alikuwa mkulima wa tumbaku. Alikuwa akiloweka majani usiku kucha, asubuhi anawamwagia mbwa maji yake, na viroboto walikuwa wakidondoka wenyewe. Tulikuwa na mbwa mmoja aliyeitwa Simba, ambaye alimsindikiza mzee shambani mpaka mwaka aliostaafu, na hakuna siku aliyoonja shampuu.

Mwalimu wa Cheyo: Mnyama aliyelinda nyumba yenu ujana wake wote hakupaswa kufikia hali ya kusokotana manyoya. Utunzaji ulipaswa kuanza zamani, si leo.

Bwana Mifugo Mstaafu: Mama Chausiku, kwa heshima zote, maji ya tumbaku yaachwe kabisa, kwa kuwa nikotini hupenya kwenye ngozi na mbwa hujilamba, inaweza kumuua. Mleta mada, usimnyoe mwili mzima. Mbwa wa aina hiyo ana tabaka mbili za manyoya, na ile ya ndani humkinga dhidi ya baridi na jua pia. Mchane kabla ya kumwogesha, maana bonge likilowa hukaza zaidi. Lilegeze kwa vidole na mafuta kidogo, kisha uchane kuanzia nchani ukielekea kwenye ngozi. Usitie mkasi chini ya bonge, kwa sababu ngozi ya mbwa mzee ni nyepesi na huvutwa juu pamoja na manyoya, ukaikata pasipo kujua. Tandika gunia asiteleze, wala usimwinue mguu juu. Kucha nyeusi haionyeshi mshipa wa damu ulio ndani, kwa hiyo punguza vipande vidogo vidogo. Damu ikitoka, bana unga wa mahindi pale. Sabuni ya kufulia na shampuu ya binadamu havifai, kwa kuwa ngozi ya mbwa haina asidi kama yetu. Sasa nijibu: hapendi kushikwa wapi, na je, ameshamuuma mtu?

Mwana wa Isevya: Ahsante sana, daktari. Ni nyonga ya kushoto. Nimekwisha kununua diklofenaki ya vidonge, na nimepanga kumpa kimoja asubuhi ili maumivu yapungue, kisha nimfunge mdomo kwa kitambaa na kumnyoa haraka. Naona kumaliza kazi kwa siku moja ni huruma zaidi kuliko kumsumbua kila juma.

Bwana Mifugo Mstaafu: Usimpe diklofenaki. Hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, hasa za mzee. Na swali langu la pili hujalijibu.

Mwana wa Isevya: Nilitumaini halitakuwa na uzito. Jumapili iliyopita mpwa wangu wa miaka 9 alinisaidia kumshika mguu wa nyuma, naye akamuuma mkononi. Ni kidonda kidogo, tulikiosha kwa maji na kukifunga. Mbwa hajachanjwa tangu baba afariki. Lakini ninamfahamu mbwa huyu, aliuma kwa maumivu, hana kichaa. Nikilipeleka jambo hili kwa watu, wataniambia nimuue.

Mdadisi wa Kanyenye: Mniwie radhi, lakini ninashuku kwamba kisa hiki kimetungwa. Kwanza sabuni, kisha dawa, sasa mtoto ameumwa. Kila anapobanwa anaongeza kipande. Tena tope mwezi Agosti, wakati Tabora mvua ilikwisha Aprili?

Mama Chausiku: Hata mimi nimeanza kusita. Mtoto aumwe, halafu mtu aulize habari ya shampuu?

Mwana wa Isevya: Tope ni la mvua zilizopita, ndiyo maana nimesema ni kavu, bonge halijifungui lenyewe. Sikutaja mtoto kwa sababu nampenda mbwa huyu, naye ndiye kiumbe pekee nyumbani aliyemjua baba kuliko mimi.

Bwana Mifugo Mstaafu: Mimi ninamjibu kama mtu mwenye shida. Mpeleke mtoto hospitali asubuhi hii, usingoje kidonda kikauke. Kidonda kioshwe tena kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha waamue kuhusu chanjo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona, na kabla ya hapo chanjo huokoa. Mbwa hahitaji kuuawa kwa sasa: mfunge peke yake na umwangalie kwa siku 10 tangu alipouma. Mjulishe afisa mifugo wa kata yako, naye akipata mashaka anajua njia ya kufika Wakala wa Maabara ya Veterinari, ambao una kituo hapohapo Tabora.

Mwana wa Isevya: Tumerudi. Mtoto amechomwa sindano ya kwanza na amepewa kadi ya tarehe zinazofuata. Afisa mifugo amemwona mbwa. Anakula na kunywa vizuri, na hakuna aliyetaja kumuua. Vidonge nimevitupa. Je, bonge la nyuma ya sikio ninaweza kulianza leo?

Bwana Mifugo Mstaafu: Hapana, asiguswe mpaka siku 10 zimalizike. Baada ya hapo achanjwe, na daktari wa mifugo aipime ile nyonga na kumpa dawa ya maumivu inayomfaa mbwa. Utakapoanza, chana mgongo na kifua kwanza, dakika chache jioni anapokuwa ametulia, ukimpa kipande cha dagaa baada ya kila bonge. Manyoya ya nyonga mwachie daktari ayanyoe hapo tu, na watoto wasiwepo.