Tupeane uzoefu: programu ya simu isiyojulikana sana ambayo wewe imekufaa

Fundi Sola

Wakuu, habari za jioni. Leo naomba tuziache kando zile programu ambazo kila simu inazo. Tutajiane zile ambazo ukimtajia mtu anauliza "ndiyo nini hiyo?" Ombi langu ni moja: simulia ilikufaa lini na kwenye nini. Jina tupu halimsaidii mtu.

Naanza mimi. Kazi yangu ni kufunga sola vijijini. Mwaka juzi nilikuwa nampelekea mteja betri na paneli, nikachepuka kutoka barabara ya Sikonge kwenda Inyonga nikaingia porini. Jua likazama, mtandao ukakata, njia ikagawanyika mara tatu. Ramani niliyoizoea ikabaki weupe mtupu. Nikakumbuka Organic Maps. Ramani ya eneo lile nilikuwa nimeipakua asubuhi nikiwa Tabora mjini. Nikaifungua, nikaona mpaka vijia vya miguu, na saa mbili usiku nilikuwa kwa mteja nakunywa uji.

Wengi hawajui kwamba GPS haili bando. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja. Kinachohitaji intaneti ni ile ramani yenyewe, na ukishaipakua umemaliza. Haina matangazo wala haikufuatilii. Ramani zake zinatoka OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea. Wa Dar mtakumbuka mradi wa Ramani Huria ulipoanza 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe wakipita kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko, wakichora nyumba na mifereji. Kazi ile ya miguu ndiyo imo humo. Tangu usiku ule, kila kijiji ninachofunga sola naongeza kisima, zahanati na shule kwenye ramani, ili anayekuja nyuma yangu avikute.

Mama Mihogo

Mimi ni mkulima, Mkuranga. Yangu inaitwa PlantVillage Nuru, na mtanivumilia nikirefusha, maana kwangu lilikuwa suala la chakula cha watoto.

Kuna msimu shamba langu la ekari moja lilikuwa la kijani, kila apitaye ananisifia. Siku ya kuvuna nachimba shina la kwanza, mhogo ndani una mabaka ya kahawia, makavu. La pili hivyo hivyo. Nilikaa chini palepale shambani. Ule ndio ugonjwa wa mihogo uitwao michirizi ya kahawia. Ule mwingine, batobato, utauona tu, jani linajikunja na kupiga madoa ya njano. Michirizi inaweza kukaa kwenye shamba linalopendeza macho mpaka siku unayoshika jembe. Wala si ugonjwa mgeni kwetu, mtaalamu Storey aliuandika kwa mara ya kwanza 1936, akiwa kituo cha Amani kule Usambara.

Msimu uliofuata binti yangu akaniwekea Nuru. Wameitengeneza Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani na wenzao wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, na ilifundishwa kwa picha za majani ya mihogo zilizopigwa mashambani hapa hapa Tanzania. Unachagua zao, unalenga jani kwa kamera, inakwambia kwa Kiswahili kama ni batobato, michirizi, utitiri wa kijani au jani ni zima, halina ugonjwa. Shambani haihitaji intaneti.

Nililojifunza kwa kukosea: usipime jani moja ukaridhika. Mwanzoni nilipima jani changa la juu, ikaniambia zima, nikafurahi bure. Pima majani kama sita kwa kila shina, na ukitafuta michirizi shuka kwenye majani ya chini yaliyokomaa. Dalili yake, umanjano unaofuata vishipa vya jani, huanzia huko.

Mashina yaliyoonekana kuugua niling'oa yote. Ila kubwa zaidi ni mbegu. Nzi weupe wanaeneza ugonjwa karibu karibu, lakini unaosafiri mbali unasafiri ndani ya vile vipande vya miti tunavyopeana kwa ujirani. Mbegu ya ekari ile iliyooza nilipewa na mtu anayenipenda. Yeye hakujua na mimi sikujua. Siku hizi sikati mbegu kwenye shina ambalo sijalipima, na nimepanda aina ya mihogo iitwayo Kiroba, ambayo huvumilia michirizi.

Kijana wa Rorya

Mama shikamoo. Pole kwa ekari ile. Kwenye mahindi inafanya kazi? Na dawa inakutajia?

Mama Mihogo

Marahaba mwanangu. Kwenye mahindi inatambua madhara ya viwavijeshi vamizi, FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliingia na Penn State kwenye hilo 2018. Kuhusu dawa, batobato na michirizi ni virusi, havina dawa ya kupulizia. Mtu akikuuzia chupa akasema inatibu, mwambie ahsante uende zako.

Mwalimu wa Fizikia

Ahsante Mama Mihogo, nimeyanakili haya kwa ajili ya mzee wangu.

Shule yetu ina chumba kimeandikwa "Maabara" mlangoni, ndani kuna madawati mabovu. Kwa miaka nilikuwa nawaandikia wanafunzi ubaoni kwamba mchapuko wa mvutano wa dunia ni mita 9.8 kwa sekunde mraba, wanakariri. Kisha nikaipata phyphox, imetoka Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, na ni bure. Inaifanya simu kuwa vifaa vya maabara kwa kutumia vihisio ambavyo tayari vimo ndani yake.

Tulitumia saa yake ya sauti: sauti ya kwanza inaiwasha, ya pili inaizima. Tukaning'iniza jiwe dogo kwenye puto, mita 1.5 kutoka chini, bati likiwa sakafuni. Unapasua puto kwa sindano, pa! saa inaanza, jiwe linagonga bati, saa inasimama. Kundi la kwanza wakapata sekunde 0.56, wakapiga hesabu ya mvutano (mara mbili ya kimo, gawanya kwa muda mara muda), 9.57. Kundi la pili 0.55, wakapata 9.92. Wakaanza kubishana nani alipima kimo vibaya, na kengele ya mapumziko ilipolia hakuna aliyetoka. Simu ilikuwa moja, yangu, kioo kimepasuka. Mwalimu mwenzangu unayesoma hapa, jaribu wiki hii hii. Darasa liwe kimya tu, maana hata kikohozi kinaizima saa.

Mpenda Usalama

Nitoe angalizo kabla hatujapakua kila kitu. Niliwahi kuweka programu moja ya mikopo, nikakubali kila ilichoomba bila kusoma. Nilipochelewa siku mbili kulipa, ujumbe wa deni langu ukamfikia mama mkwe. Sikuweza kumtazama usoni mwezi mzima. Tangu hapo naangalia kwanza programu inaomba nini. Tochi haina sababu ya kusoma majina ya watu kwenye simu yako. Ninachopendekeza ni F-Droid, duka la programu ambazo msimbo wake, yaani maandishi ya ndani yanayoiendesha programu, uko wazi kwa yeyote kuukagua, na programu yenye tabia ya kukufuatilia inawekewa onyo kabisa. Organic Maps ya Fundi Sola imo humo.

Binti wa Jibondo

Sisi kwetu ni bahari. Baba anavua tangu utoto wake, anasoma mawingu na mwezi, anajua bamvua na maji mafu bila kalenda. Nilipomwekea Windy, programu ya utabiri wa upepo na mawimbi, hakuitaka, akasema upepo hauingii kwenye kioo. Nikamwomba afanye hivi tu: kila jioni aseme kesho itakuwaje, kisha tufungue simu tulinganishe. Wiki nzima walikubaliana, na baba akaanza kuisogelea.

Kisha ikaja asubuhi moja ya kusi, bahari imelala, mbingu safi. Windy ilionyesha upepo utaongezeka maradufu ifikapo saa sita mchana, na mawimbi yatapanda. Baba akasimama ufukweni muda mrefu, akarudisha tanga ndani. Waliotoka siku ile wote walirudi salama, Mungu ashukuriwe, lakini dau moja lilirudi na tanga limechanika na wavuvi wamechoka kwa kufua maji. Sasa ni yeye anayeniuliza, "Mwanangu, kile kioo kinasemaje?" Inahitaji bando kidogo kupata utabiri mpya, kwa hiyo tunaifungua kabla hajashuka pwani, pamoja na taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa.

Wa Mombasa

Yangu ni fupi. Be My Eyes, ilianzia Denmark 2015. Asiyeona anapiga simu ya video, aliyejitolea anamsomea kilicho mbele ya kamera. Mimi ni wa kujitolea. Simu yangu ya kwanza ilikuja nikiwa stendi: dada mmoja alikuwa na makopo mawili mkononi, la maziwa ya mtoto na jingine, hajui ni lipi limepita tarehe. Nikamwambia ligeuze, sogeza, hapo hapo. Nikamsomea tarehe zote mbili. Nyuma yake nilimsikia mtoto akilia, na dada akamwambia, "Nyamaza mama, tumelipata."