Kampuni za simu na ubaguzi, Lamu na visiwani: tupeane uzoefu

Mwana wa Mkomani: Salaam aleikum. Jana baada ya isha tulikuwa barazani na jamaa yangu. Laini za kampuni moja, mnara mmoja, kila mtu na shilingi 50 zake. Yeye kuangalia ofa, kapewa GB 1.5. Mimi MB 350! Na laini yangu ndiyo kongwe. Nani yamemkuta, na alifanyaje?

Mama Shela: Wewe afadhali, una hiyo MB 350. Mimi niliomba intaneti ya nyumbani, fundi akaja, akatazama juu, akasema eneo hili halijafunguliwa. Hoteli tunayopakana nayo ukuta inayo, na waya wake unapita juu ya kamba yangu ya nguo. Nikamwonyesha, akacheka. Nikaandika barua pepe, nikataja kanuni ya usawa. Waliniunganisha, ila walinizungusha kwanza.

Baharia: Huku Kizingitini wakala wa pesa za simu anakukata shilingi 20 zaidi ya ada ya kampuni, eti floti, yaani pesa zake za kazi, imevuka maji. Simlaumu sana, mafuta ya boti ni ghali. Lakini ada si imebandikwa ukutani?

Karani Mstaafu: Kanuni aliyoitaja Mama Shela ni ya 2010, chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998. Mwenye leseni anatakiwa kuwapa wateja wa eneo moja nafasi sawa ya kupata huduma ya aina na ubora uleule, kwa bei zinazokaribiana. Tofauti inayokubalika ni ya teknolojia inayohitajika kumfikia mteja. Waya ukiwa umeshafika kwa jirani, hiyo teknolojia wataisingizia vipi? Mwana wa Mkomani, yako ni ngumu kidogo: watakwambia hiyo ni promosheni, bei ya kawaida ni moja kwa wote. Mimi ningelalamika vilevile. Baharia, mripoti wakala kwa kampuni yenyewe.

Wa Basuba: Na sisi ambao kupiga simu ni mpaka utafute pa kupanda?

Karani Mstaafu: Hapo kanuni inawaacha, ndugu yangu, maana inasema *eneo moja*. Sheria ya Mawasiliano ya Marekani ya 1934, kifungu cha 202, inakataza pia kuonea mahali, si mtu tu, ingawa nako unaokatazwa ni uonevu usio na sababu. Kwetu, kijiji kisicho na mnara kinashughulikiwa na Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao kampuni zenyewe huuchangia. Iandikieni Mamlaka ya Mawasiliano, inayosimamia kampuni za simu, kijiji kizima kitie sahihi.

Mwana wa Mkomani: Na mimi nianzie wapi? Nikipiga huduma kwa wateja naambiwa bonyeza moja, bonyeza mbili, mpaka simu inakatika.

Mama Shela: Usipige, andika. Anza na kampuni, udai namba ya malalamiko. Wakikunyamazia, peleka kwa Mamlaka na namba hiyo. Na leo hii mwombe jamaa yako mpige picha simu zote mbili pamoja, ofa zikionekana na tarehe.