Mrejesho: jibini laini kwenye mafuta ya viungo

Wapendwa, niliwauliza kama naweza kutengeneza jibini laini nyumbani Mtwara na kuiloweka kwenye mafuta ya viungo, iwe ya kuonjwa kabla ya chakula kwenye shughuli ya dada yangu. Imewezekana, asanteni sana.

Nilipasha lita 2 za maziwa mabichi ya ng'ombe hadi yakaanza kuchemka, nikazima moto, nikatia maji ya ndimu kidogo kidogo mpaka yakakatika. Nikachuja kwa kitambaa safi, nikatia chumvi, nikayakandamiza kwa uzito. Hapa msiwe na haraka: ikibaki na maji mengi inamomonyoka ukiikata.

Mafuta ni ya alizeti, maana hayagandi kwenye friji. Niliyapasha na binzari nyembamba, pilipili manga na pilipili kavu, yakapoa kabisa ndipo nikamimina juu ya vipande.

Kitunguu saumu kibichi sikuweka. Aliyenionya namshukuru kwa dhati: ndani ya mafuta hakuna hewa, na humo bakteria wa botulizimu, wanaoweza kuwa kwenye kitunguu hicho, huweza kutoa sumu usiyoiona wala kuinusa. Kwa hiyo chupa ilikaa kwenye friji muda wote, tukaila ndani ya siku chache. Kwa joto letu la pwani, kuiacha mezani kutwa nzima ni hatari.

Wakati wa kuandaa nilinyunyizia korosho za kukaanga zilizopondwa. Tamu mno! Maji ya jibini yaliyobaki nilikandia unga wa chapati za kulia.