Ufini kuingia NATO kabla ya Uswidi: ilimwacha mwenzake au walikubaliana?

Mpenda_Ramani:
Wanajukwaa, habari zenu. Kuna jambo linanisumbua, naomba wanaolifahamu wanieleweshe. Tarehe 18 Mei 2022 mabalozi wa Ufini na Uswidi walimkabidhi Jens Stoltenberg, Katibu Mkuu wa NATO wakati ule, kule Brussels barua za kuomba kujiunga na muungano huo wa kijeshi, wote kwa pamoja, huku viongozi wao wakisema nchi hizi zitaingia bega kwa bega. Ikafika tarehe 4 Aprili 2023, bendera ya Ufini ikapandishwa peke yake. Uswidi ikasubiri hadi tarehe 7 Machi 2024. Karibu mwaka mzima, na vita vya Ukraine vinaendelea. Mwenzako akizuiwa mlangoni, wewe unaingia na kukaa? Urafiki wa mataifa una thamani gani kama ndivyo unavyokwenda?

Muuguzi_Tornio:
Mkuu, swali lako nimelisikia sana huku niliko. Naishi Tornio, mji wa Ufini uliopo mpakani kabisa, nafanya kazi ya kuwahudumia wazee. Ng'ambo ni Haparanda, Uswidi. Unatembea kwa miguu kutoka nchi moja hadi nyingine, saa yako inarudi nyuma kwa saa moja, basi. Maji machafu ya miji yote miwili yanasafishwa kwenye mtambo mmoja. Kwa hiyo mtu akiniambia Ufini ilimsaliti Uswidi, inanigusa, maana ninaowasikia wakilizungumza jambo hili ni watu wa pande zote mbili, na sijaona Mswidi hata mmoja aliyelichukulia hivyo.

Tuanze na aliyefunga mlango. Kila mwanachama wa NATO lazima aridhie mgeni, na wakati ule walikuwa 30. Waliochelewesha ni Uturuki na Hungaria. Uturuki iliishutumu Uswidi zaidi kwa kuwahifadhi watu iliowaita wafuasi wa PKK, kundi la Wakurdi lililopigana na serikali yake kwa silaha. Juni 2022 kule Madrid nchi tatu zilitia saini hati ya makubaliano, ikaonekana mambo yatakwisha. Kisha Januari 2023 mtu mmoja akachoma nakala ya Kurani karibu na ubalozi wa Uturuki jijini Stockholm, na Rais Erdoğan akasema Uswidi isitegemee msaada wake. Kwa Ufini hakuwa na neno. Tarehe 17 Machi Rais Niinistö wa Ufini akiwa Ankara, Erdoğan akatangaza kwamba njia ya Ufini imefunguliwa.

Sasa jiweke kwenye kiti cha Niinistö. Una mpaka wa kilomita zipatazo 1,340 na Urusi, ambayo imevamia jirani yake. Umeshaomba, kwa hiyo Moscow imeshakuona kama adui, lakini ulinzi wa pamoja wa NATO, ambapo akishambuliwa mmoja ni kama wameshambuliwa wote, bado huna. Uchaguzi wa bunge ni tarehe 2 Aprili. Bunge lako tayari limeridhia tarehe 1 Machi, kura 184 kwa 7. Ukikataa mlango uliofunguliwa, una uhakika gani kwamba utafunguliwa tena, na kwamba ukikataa Uswidi itaingia haraka zaidi? Mimi siioni faida ambayo Uswidi ingeipata kwa Ufini kubaki nje.

Tena tazama ramani, maana jina lako linasema unaipenda. Uswidi inapakana kwa nchi kavu na Norwei na Ufini tu. Siku Ufini ilipoingia, mipaka yote ya nchi kavu ya Uswidi ikawa ni ya wanachama wa NATO, na kusini ng'ambo ya maji kuna Denmark. Kuingia kwa Ufini kuliipunguzia Uswidi hatari siku ileile. Waziri Mkuu wa Uswidi, Kristersson, mwenyewe alisema hadharani Machi 2023 kwamba uwezekano wa nchi hizi kuingia kwa nyakati tofauti umeongezeka. Hakushtukizwa.

Na hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote: tendo la kwanza la Ufini kama mwanachama, siku ileile ya tarehe 4 Aprili, lilikuwa kuwasilisha hati ya kuridhia uanachama wa Uswidi. Niinistö naye akasema uanachama wa Ufini haujakamilika bila Uswidi. Hawakuingia wakakaa, mkuu. Waliingia wakaanza kumvuta mwenzao.

Nuru_wa_Stockholm:
Ndugu yangu wa Tornio, nakubali ulivyoeleza upande wa Ufini, lakini usiufanye mzigo wa Uswidi kuwa mwepesi. Nchi hii haikuwa imepigana vita tangu mwaka 1814. Chama cha Social Democrats, chama cha Magdalena Andersson aliyekuwa waziri mkuu mwaka 2022, kilibadili msimamo wake wa miaka mingi ndani ya wiki chache tu, na kila mtu hapa alijua kwamba kama Ufini isingeamua kwenda, Uswidi isingekwenda kwa kasi ile. Baada ya hapo Uswidi ndiyo iliyolipa. Katiba ikarekebishwa kuanzia tarehe 1 Januari 2023, sheria mpya ya ugaidi ikaanza tarehe 1 Juni, masharti ya kuiuzia Uturuki silaha yakalegezwa. Wakurdi ninaoishi nao walikaa na hofu muda wote ule, wakijiuliza kama wao ndio watakaotolewa ili mlango ufunguliwe. Hayo nayo ni sehemu ya hesabu.

Muuguzi_Tornio:
Dada Nuru, hilo sikupingi, na ni vizuri umelisema. Hofu ya Wakurdi ilikuwa ya kweli na nchi zote mbili zinapaswa kuikumbuka, kwa sababu usalama unaonunuliwa kwa kumtia wasiwasi mkazi halali wa nchi hauwezi kuitwa ushindi mtupu.

Ila kuhusu Ufini kutangulia, kuna kumbukumbu hapa ambayo mtu wa mbali haioni. Mwaka 1939 Muungano wa Kisovyeti ulipoishambulia Ufini, Uswidi haikuleta jeshi lake. Ilituma silaha, fedha, na Waswidi wapatao 8,000 walijitolea kuja kama askari wa hiari. Kisha katika miaka ile ya vita watoto wa Kifini wapatao 70,000 walipelekwa Uswidi, wengi wakipitia hapa Haparanda kwa treni, wakiwa na vibandiko vya majina shingoni. Miongoni mwa wazee ninaowahudumia wapo waliokuwa watoto wale. Bibi mmoja husahau chakula alichokula asubuhi lakini anaziimba nyimbo za Kiswidi alizofundishwa na mama aliyempokea. Wengine hawakurudi kabisa, walilelewa na kuzikwa hukohuko.

Mtu aliyekulia katika historia hiyo ana mambo mawili moyoni kwa wakati mmoja: shukrani kubwa kwa Uswidi, na uhakika kwamba saa ya hatari inaweza kumkuta yuko peke yake. Ndiyo maana wengi hapa walitaka Ufini iingie mara tu nafasi ilipopatikana, na palepale wakawa na shauku Uswidi ifuate. Kwao hakuna mgongano wowote hapo.

Hakimu_Mstaafu:
Niongeze dogo. Nchi hizi zilishawahi kugombana kweli, na mpaka zikakubali kuamuliwa. Visiwa vya Åland vina watu wanaozungumza Kiswidi, na Ufini ilipopata uhuru mwaka 1917 wenyeji walitaka kuunganishwa na Uswidi. Shauri likapelekwa kwenye Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa. Mwaka 1921 ikaamuliwa visiwa vibaki Ufini, wenyeji wahakikishiwe lugha yao na utawala wao wa ndani, na pasiwekwe jeshi. Uswidi ilishindwa ikaheshimu uamuzi. Leo Åland ina bunge lake Mariehamn na bendera yake. Anayetaka kujua kwa nini hawa wawili wanaaminiana aanzie hapo, kabla hajafika NATO.

Mpenda_Ramani:
Asanteni sana, hasa hilo la hati ya tarehe 4 Aprili, sikuwa nalo. Swali la mwisho kwa ndugu wa Tornio: sasa wote wako ndani. Kuna kitu kinachoonekana kwa macho, au ni mikutano na picha za viongozi wakishikana mikono?

Muuguzi_Tornio:
Kipo, mkuu. Lililo kubwa ni kwamba mwaka 2024 ilikubaliwa Uswidi iwe nchi kiongozi wa kikosi cha NATO kitakachokuwa kaskazini mwa Ufini, huku Lapland. Ukikumbuka niliyosema juu ya mwaka 1939 utaelewa kwa nini habari hiyo ilipokelewa kwa uzito kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Baharini nako wana kazi. Novemba 2024 kebo ya mawasiliano kati ya Ufini na Ujerumani ilikatika karibu wakati mmoja na ile ya Uswidi na Lithuania, na uchunguzi wa mambo kama hayo hauwezi kufanywa na nchi moja ikiwa imejifungia. Nchi kama Ufini, ambayo sehemu kubwa kabisa ya biashara yake ya nje inapita Bahari ya Baltiki, haiwezi kulala.

Nisikufiche kwamba urafiki huu nao hupata majaribu. Mwaka 2020 wakati wa korona uliwekwa uzio kati ya Tornio na Haparanda, mahali ambapo watu walikuwa wamezoea kupita bila hata kufikiria. Kila serikali ilikuwa na siasa yake ya ugonjwa. Familia zilikuja kuzungumza zikiwa zimesimama pande mbili. Iliuma, na watu wa miji hii walilalamika kwa wakubwa wao wa Helsinki na Stockholm mpaka wakasikilizwa. Uzio ukaondolewa.

Kwa sasa gumzo la hapa ni reli. Ya Uswidi ina upana wa milimita 1,435, ya Ufini 1,524, urithi wa enzi za utawala wa Urusi. Tofauti ni milimita 89, lakini inatosha kuilazimisha shehena ihamishwe hapa mpakani kutoka behewa hadi behewa. Siku ya dharura, msaada unaoletwa kwa treni kutoka bandari za Norwei na Uswidi utakwama hapa hapa. Helsinki inazungumzia kuleta reli ya upana wa Ulaya upande wetu, na mabishano ni nani atagharamia na itaishia wapi. Ukitaka kufuatilia kama ushirikiano huu unakwenda mbele, usitazame sana picha za viongozi. Fuatilia habari za reli ya Tornio.