Hitima ya arobaini ya baba yangu Muislamu, nyumbani kwangu Mkatoliki: naombeni ushauri

Mzawa wa Pongwe

Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu Waislamu mliomo humu, asalaam aleikum.

Nimefiwa na baba yangu mzazi wiki tatu zilizopita. Alikuwa Muislamu, mama, aliyetangulia 2011, alikuwa Mkatoliki. Walifunga ndoa 1974 kwa ruhusa ya Askofu, na mzee hakumzuia mama hata siku moja: watoto wote watano tulibatizwa. Baadaye dada yangu anayenifuata alisilimu alipoolewa, na kitinda mimba wetu akaamua mwenyewe kumfuata baba. Tuliobaki kanisani ni watatu. Mimi ndiye mkubwa, na ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikristo (kikundi cha sala cha majirani Wakatoliki) hapa Tanga.

Mzee aliishi kwangu miaka sita ya mwisho. Miguu ilipoisha nguvu, mimi ndiye niliyekuwa nampelekea maji ya udhu alfajiri. Misa ya kumzika mama alihudhuria, akakaa benchi la nyuma, kofia mkononi, mpaka mwisho.

Siku ya maziko nilibeba jeneza na kutupa udongo. Wakati wa kumswalia nilisimama pembeni. Ila dua ya makaburini nilinyanyua mikono kama wengine. Sikupanga. Nilikuwa namlilia baba yangu.

Jumapili iliyofuata wazee wawili wa jumuiya waliniambia nimeshiriki ibada ya dini nyingine, nisiende Komunyo mpaka nipate kitubio, na uenyekiti niuachie. Sasa ndugu zangu wanataka hitima ya arobaini isomwe kwangu kwa sababu ndipo mzee alipofia. Mke wangu ana wasiwasi, sebuleni tuna msalaba na altare ndogo ya Bikira Maria.

Naomba kujua: je, nilikosa pale makaburini? Naweza kuipokea hitima nyumbani kwangu? Na je, naweza kumtolea baba nia ya Misa, yaani kuomba padri aadhimishe Misa kwa ajili yake, au itakuwa kumvunjia heshima yeye na ndugu zangu? Hili la mwisho linaniuma kuliko yote, maana mama namwombea kila Novemba na sijui baba nimwombee vipi.

Katekista Mstaafu

Milele amina. Pole sana mwanangu.

Naanza na hilo linalokuuma. Kanuni ya 901 ya Sheria za Kanisa inasema padri yuko huru kutolea Misa kwa ajili ya mtu yeyote, aliye hai au aliyefariki. Yeyote. Haikuandikwa "Mkatoliki yeyote". Sikiliza pia Sala ya Ekaristi ya Nne: padri anawaombea waliofariki katika Kristo, kisha anawaombea na wafu wote ambao imani yao Mungu peke yake ndiye aliyeijua. Mimi nimeisikia sala hiyo miaka arobaini, na kila ikifika hapo namkumbuka babu yangu ambaye hakubatizwa. Nenda ofisi ya parokia, andikisha nia.

Kuhusu makaburini: kumzika baba ni amri ya nne ya Mungu. Hukutamka shahada, hukuingia safuni kuswali kama muumini wa Kiislamu. Ulisimama penye kaburi la aliyekuzaa ukanyanyua mikono. Sioni dhambi hapo. Na uenyekiti wako hauondolewi na watu wawili baada ya sala ya jumuiya. Mwone paroko wako, umweleze yote kama ulivyotueleza sisi.

Askari wa Msalaba

Nampinga katekista kwa heshima. 1 Wakorintho 10:21, hamwezi kushiriki meza ya Bwana na meza ya mashetani. Ukiruhusu kisomo nyumbani umefungua mlango. Leo hitima, kesho watoto wako watauliza kwa nini wasisilimu kama shangazi yao. Upole wa namna hii ndio unaopunguza waumini.

Katekista Mstaafu

Ndugu yangu, Paulo pale anazungumzia nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu. Waislamu hawaabudu sanamu, unalijua hilo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulisema katika hati ya Lumen Gentium, namba 16, mwaka 1964, kwamba wao pamoja nasi wanamwabudu Mungu mmoja mwenye huruma, atakayewahukumu watu siku ya mwisho. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Oktoba 1965, Papa Paulo VI akatangaza hati nyingine ya Mtaguso huohuo, Nostra Aetate: Kanisa linawatazama Waislamu kwa heshima, na halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini nyingine. Hayo ni mafundisho ya Mtaguso, hayakutungwa na padri mmoja mpole.

Hofu yako ya watoto naielewa. Lakini mtoto anayemwona baba yake anamzika babu kwa heshima huku anabaki na rozari yake, anajifunza imani au anaipoteza?

Upendo Tu

Kwani mnabishana nini jamani? Mungu ni mmoja, dini zote ni sawa, njia tofauti tu. Soma hitima, soma Misa, yote yanafika.

Binti Chumbageni

Upendo Tu, najua umesema kwa nia njema, ila hilo Kanisa halisemi, na nadhani Waislamu nao hawasemi. Mwaka 2000 ilitoka hati Dominus Iesus kusisitiza kwamba Kristo ndiye mwokozi wa wote, na kwamba si sahihi kudai dini zote zina uzito mmoja. Papa aliyeridhia hati ile ni Yohane Paulo wa Pili, yuleyule aliyewaita viongozi wa dini mbalimbali Assisi, Italia, tarehe 27 Oktoba 1986 kuombea amani, na Mei 2001 akaingia Msikiti wa Umayya, Damascus. Aliyafanya yote mawili bila kuona yanapingana.

Pale Assisi ndipo mtoa mada anaweza kupata jibu lake. Papa alieleza kwamba hawakwenda kusali sala moja ya pamoja, walikwenda kuwa pamoja ili kila mmoja asali kwa imani yake. Wengine waliposali, waliobaki walinyamaza kwa heshima. Hata Benedikto XVI, ambaye hakuna anayemwita legelege, alisimama kimya kando ya mufti ndani ya Msikiti wa Bluu, Istanbul, Novemba 2006.

Kwa hiyo mkuu, hitima ikisomwa kaa. Wao wanasoma juzuu zao, wewe mwombee mzee moyoni kwa sala uliyofundishwa na mama yako. Usiitikie usichokiamini ili kuwaridhisha watu, na usitoke nje kwa hasira.

Ustadhi wa Pwani

Waaleikum salaam. Pole sana ndugu yetu, Mungu amrehemu mzee wako.

Nitakuambia ya upande wetu, maana naona hakuna aliyekuuliza. Kwanza, sisi wenyewe tunatofautiana. Wapo masheikh wanaosema hitima ya arobaini haina msingi katika Sunna, wapo wanaoisoma tangu enzi za babu zao. Kwa hiyo waulize dada na mdogo wako kwanza kama wao wenyewe wamekubaliana, usije ukabeba ugomvi usio wako.

Wakikubaliana, msalaba wako usiuguse. Ni nyumba yako. Kisomo fungeni turubai uani, tandikeni majamvi, shehe na wanafunzi wa madrasa watakaa huko. Mke wako asihangaike kuficha picha, atakuwa kama anaionea aibu imani yake. Chakula tu ndipo muwe makini: ng'ombe au mbuzi achinjwe na Muislamu, na masufuria yasiwe yaliyopikiwa nguruwe. Mwachie dada yako jiko siku hiyo.

Habari ya Misa: kwa imani yetu dua tunazomsomea mzee ndizo tunazozitegemea, na sitakudanganya kwamba tunaliona jambo hili sawasawa na nyinyi. Lakini mtoto kumkumbuka baba yake mbele ya Mungu kwa namna anayoijua, mimi siwezi kukugombeza. Waambie ndugu zako kabla, wasije wakasikia kwa jirani kwamba kaka "amemsomea mzee Misa" wakadhani umembatiza baada ya kufa. Hilo ndilo litakaloumiza.

Askari wa Msalaba

Ustadhi, hilo la kuwaambia kabla nimelikubali. Kwenye kisomo bado nina mashaka, ila nisingependa mtu amzuie kwenda Komunyo bila paroko kujua. Nimeandika kwa ukali, nisamehe mtoa mada. Pole na msiba.

Mwanajumuiya

Naongeza kidogo. Maaskofu na mapadri wanapozungumzia majadiliano ya kidini wengi tunafikiri ni mikutano ya wakubwa. Hati ya Vatikano ya 1991 inataja aina nne, na ya kwanza kabisa inaitwa majadiliano ya maisha: ujirani, furaha na misiba. Miaka sita ya kumpelekea mzee maji ya udhu, tayari ulikuwa humo.

Mzawa wa Pongwe

Nawashukuru wote, pamoja na Askari wa Msalaba, hakuna kinyongo.

Jana nilimwona paroko. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema niendelee na Komunyo na uenyekiti, na kwamba atakuja mwenyewe kwenye jumuiya kuzungumza. Nia ya Misa imeandikishwa Alhamisi asubuhi, imeandikwa "kumwombea marehemu baba". Hitima ni Jumamosi ya pili, uani. Nilimwambia dada habari ya Misa kwa simu. Alinyamaza muda, akasema, "Kaka, wewe mwombee. Ila usimwite jina la ubatizo." Nikamwambia sina jina jingine la kumwita zaidi ya baba.

Mmoja wa wale wazee wawili ameleta kilo kumi za mchele. Mwenzake bado hajaitikia salamu yangu.

Limebaki jambo dogo, Ustadhi. Mswala wake na msahafu viko chumbani, sijavigusa. Nifanye nini navyo?

Ustadhi wa Pwani

Mswala mpe mdogo wako, auswalie. Msahafu usiuweke chini wala kuuchanganya na vitabu vingine, uweke juu, mahali safi, mpaka siku ya hitima. Siku hiyo wasomee huohuo.