Otorauta inasema imemaliza, ila GND imekatika vipande (KiCad + Freerouting, bodi ya leya mbili)

fundi_mzani aliuliza:

Wakuu, naomba ufafanuzi. Bodi ni ya mzani unaotuma uzito kwa SMS. Ukubwa ni 80 × 60 mm, leya mbili, shaba ya 35 µm. Umeme wa 12 V unaingia kwa konekta ya kushoto, kipunguza volti LM2596-ADJ kinaushusha hadi 4.0 V kwa ajili ya modemu ya SIM800L, halafu kidhibiti volti MCP1700 kinatoa 3.3 V ya chipu kuu ATmega328P (8 MHz) na HX711 (chipu inayosoma uzito). Loadi seli (kihisi cha uzito) ya kilo 20 inaingia upande wa kulia. Modemu iko katikati.

Natoa faili la DSN kutoka KiCad (programu ya kuchora bodi), naipeleka Freerouting (otorauta, yaani programu inayopitisha traki yenyewe), narudisha faili la matokeo, SES. Bila zoni yoyote (eneo la shaba linalojazwa), Freerouting inaichukulia GND (ardhi, njia ya mkondo kurudi) kama neti nyingine yoyote (neti ni kundi la pedi za kuungwa pamoja): traki ya 0.25 mm inaruka kutoka pedi hadi pedi kuzunguka bodi nzima. Modemu ikianza kutuma, namba za mzani zinaruka, na mara nyingine modemu inajizima.

Nikichora zoni ya GND leya ya chini kabla ya kutoa DSN, otorauta inasema kazi imekwisha, lakini nikirudi KiCad na kujaza zoni, DRC (ukaguzi wa kanuni za mchoro) inaonyesha pedi za GND ambazo hazijaungwa. Nani kati yao anasema kweli? Na utaratibu sahihi ni upi: GND ipitishwe na otorauta au niitoe kabisa?

---

shaba35 alijibu:

Anza na hesabu, maana inaeleza dalili zote mbili. Shaba ya 35 µm ina takriban 0.5 mΩ kwa kila mraba, yaani kila kipande cha traki ambacho urefu wake ni sawa na upana wake. Traki ya 0.25 mm yenye urefu wa 100 mm ina miraba 400, kwa hiyo ni 0.2 Ω. SIM800L inapotuma kwenye GSM huvuta hadi 2 A kwa mapigo ya 577 µs, kila baada ya 4.615 ms. 2 A mara 0.2 Ω ni 0.4 V, na hiyo imepotea upande wa GND peke yake. Modemu inayotakiwa kupata 4.0 V inaona 3.6 V, na ukijumlisha traki ya chanya umeshagusa 3.4 V, ambayo ndiyo kikomo chake cha chini. Hapo lazima izime.

Usitegemee kapasita kuficha tatizo hilo. Ukiweka 1000 µF karibu na modemu na kuiachia ibebe pigo zima peke yake, 2 A × 577 µs ÷ 1000 µF ni kushuka kwa 1.15 V. Kapasita inasaidia ukingo wa pigo, lakini mkondo wenyewe lazima upate njia pana kwenda na kurudi LM2596.

Kwa hiyo traki ya GND ya 0.25 mm haifai kabisa kwa bodi hii, hata kama DRC ni safi.

---

neti_kwa_neti alijibu:

Mkuu, kwenye swali la nani anasema kweli: KiCad. Sababu ni namna Freerouting inavyoisoma zoni. KiCad inaiandika zoni kwenye DSN kama pleni (uwanda mpana wa shaba). Freerouting ikiona pedi ya GND juu ya leya yenye pleni ya GND, inaihesabu imeungwa. Pedi ya SMD (ya kifaa kinacholehemiwa bila tundu) ya leya ya pili inaishushia via (tundu lenye shaba linalounganisha leya) na kuendelea. Wakati huohuo inaruhusu traki za neti nyingine kukatiza ndani ya eneo hilohilo, na hairudi nyuma kukagua kama pleni bado ni kipande kimoja. KiCad ikijaza shaba inaacha pengo pande zote za kila traki, na pleni inageuka visiwa. Kisiwa kitupu kinafutwa ukiwa umechagua hivyo kwenye mipangilio ya zoni, lakini chenye pedi au via ya GND kinabaki, kikiwa hakijaungwa na chochote. Hizo ndizo pedi unazoziona kwenye DRC.

Otorauta ni msaidizi mzuri wa neti za ishara. GND uipange wewe kwanza. Kwa bodi yako ningefanya hivi.

Panga vifaa upya kabla ya kugusa traki yoyote. Modemu isikae katikati. Isogeze kushoto, ubavuni mwa LM2596 na konekta ya umeme, ili mkondo wa 2 A uzunguke kona hiyo tu. HX711 na konekta ya loadi seli vibaki kulia kabisa, ATmega iwe katikati. Hatua hii pekee inaondoa sehemu kubwa ya tatizo.

Kisha pitisha kwa mkono mambo matatu: mzunguko wa LM2596 (kapasita ya kuingilia, dayodi ya Schottky na pini ya GND, vyote vikaribiane kwenye shaba ya juu ndipo vishuke chini), njia ya 4.0 V kwenda modemu kwa upana wa 2 mm au zaidi, na via za GND za kila pedi ya SMD. Via moja kwa kila pedi, tundu 0.3 mm, kipenyo cha nje 0.6 mm, kipande cha traki kisizidi 1 mm. Usiziunganishe pedi mbili kwa via moja ili kuokoa nafasi. Chini ya GND ya modemu na ya dayodi weka via 4 hadi 6.

Chagua hivyo vyote na ubonyeze L vifungwe. Usiruke hatua hii: ukirudisha SES, KiCad inafuta traki za zamani na kuziacha zilizofungwa tu.

Baada ya hapo chora zoni ya GND leya ya chini hadi kingo za bodi. Ingia Board Setup, kwenye orodha ya leya badilisha B.Cu kutoka signal iwe power plane, ndipo utoe DSN. Sasa Freerouting haitapitisha traki chini hata moja. Haitamaliza bodi, na hivyo ndivyo tunavyotaka: zitabaki neti chache za kuvukishana. Hizo zimalize mwenyewe kwa madaraja mafupi ya leya ya chini, 5 hadi 8 mm kila moja, yakiwa mbali na njia ya modemu. Kumbuka kurudisha B.Cu kuwa signal.

Njia mbadala ni kuiweka GND kwenye klasi yake ya neti, tuseme ARDHI, na kuiambia Freerouting iiruke:

`java -jar freerouting.jar -de mzani.dsn -do mzani.ses -inc ARDHI`

Hiyo inazuia utando wa traki za GND, lakini haizuii ishara kukatakata leya ya chini. Naitumia pale tu ambapo leya ya chini imeshafungwa kwa njia ya kwanza au bodi ina leya nne.

---

fundi_mzani alijibu:

Nimekupata kabisa kuhusu power plane. Vipi kugawa GND mara mbili, ya analogi chini ya HX711 na ya dijitali kwingine kote, zikutane sehemu moja?

---

shaba35 alijibu:

Usigawe. Otorauta haijui maana ya ufa huo. Kwake AGND (GND ya analogi) na GND ni neti mbili tu, na itapitisha traki za DT na SCK (data na saa) za HX711 juu ya ufa popote inapoona ni karibu. Mkondo wa kurudi wa traki hizo unatakiwa utiririke chini yake. Ukikuta ufa unazunguka hadi pale zinapokutana, na kelele uliyokuwa unaikimbia umeikaribisha.

Kinachohitaji uangalifu hapo ni waya wa E- wa loadi seli (upande hasi wa umeme unaoilisha). HX711 inapima kwa uwiano wa AVDD (umeme wake wa analogi) dhidi ya AGND yake yenyewe. E- ikiungwa na pleni sehemu moja na pini ya AGND sehemu nyingine, tofauti yoyote ya volti kati yao inaingia moja kwa moja kwenye uzito. Chukua shingo ya shaba yenye upana wa 1 mm na urefu wa 5 mm: miraba 5, yaani 2.5 mΩ. Mkondo wa modemu wa 2 A ukipita hapo unaacha 5 mV. Loadi seli ikilishwa 3 V, hiyo ni 0.17%, na kwa mzigo wa kilo 20 ni kama gramu 33. Kwa hiyo E- iende kwenye pedi ya AGND kwa traki yake ya juu, na hapohapo kwenye pedi ndipo washuke pamoja kwenye pleni.

---

neti_kwa_neti alijibu:

Naongezea juu ya hizo shingo, kwa sababu DRC kwa mipangilio yake ya kawaida haizioni. Pleni iliyobaki kushikana kwa uzi wa 0.3 mm kati ya pini mbili za konekta inahesabika imeungwa, na DRC inanyamaza.

Zitafute hivi. Fungua mipangilio ya zoni ya GND, panua upana wa chini kabisa hadi 1 mm, na kwa muda badilisha muungano wa pedi uwe wa shaba kamili. Ukiacha miguu ya kupunguza joto (vidaraja vyembamba kati ya pedi na pleni), KiCad itakataa, kwa kuwa miguu haiwezi kuwa myembamba kuliko upana wa chini wa zoni. Bonyeza B kujaza, endesha DRC. Kila mahali pleni ilipokuwa inashikiliwa na shaba nyembamba kuliko 1 mm pamefutika, na mistari ya neti isiyoungwa itakuonyesha ni wapi hasa. Sogeza traki au via iliyosababisha, rudia kwa 2 mm kwenye njia ya modemu, kisha rudisha mipangilio.

Unaporudisha, miguu iwe ya 0.5 mm na pengo la 0.3 mm kwa pini za matundu, la sivyo pleni itanyonya joto lote na risasi haitashuka ndani ya tundu. Tumbo la LM2596 liache kwenye shaba kamili, lenyewe linahitaji kupoa.

Zoni ya GND ya leya ya juu weka mwisho kabisa, baada ya SES kurudi, na uishone na ya chini kwa via kila 10 mm hivi. Ukiiweka kabla ya DSN, otorauta itadhani pedi zote za juu zimeshaungwa na hutapata via zako.

---

mchonga_bodi aliuliza:

Na kwa sisi tunaochonga bodi wenyewe kwa feri kloridi, ambapo matundu hayana shaba ndani? Otorauta inaweka via chini ya IC (chipu) na kwenye pini za soketi.

---

shaba35 alijibu:

Hapo sheria zinabadilika, maana kila via ni kipande cha waya unachokilehemu juu na chini. Weka via ya tundu 0.8 mm na kipenyo cha nje 1.8 mm, traki 0.5 mm, nafasi 0.4 mm. Chora maeneo yaliyokatazwa via chini ya kila IC na kapasita kubwa. Kwenye Freerouting pandisha gharama ya via, na ile ya via ya kwenda pleni iwe juu pia. Hiyo ya pili kwa kawaida iko chini sana kuliko ya kwanza, ndiyo maana inamwaga via za GND kila kona.

Pini za soketi ya DIP, konekta na kapasita za elektroliti hazilehemeki upande wa juu, kwa sababu plastiki inafunika pedi. Kwa hiyo pedi yake ya GND isitegemewe kuunganisha zoni ya juu na ya chini. Acha zoni ya chini tu na vifaa vya matundu vyote viungwe chini. Traki za ishara zinazogoma, tumia waya wa jampa upande wa juu, ambao hauikati pleni hata kidogo.